Shimo la Ihanja na Nta ya Majani ya Kale

Oktoba 12, Ihanja

Nimefika na masanduku mawili, moja la nguo na moja la karatasi za alumini. Mama alipoliona hili la pili kule Singida Mjini aliuliza kama nakwenda kufungua banda la chipsi. Nimepanga chumba nyuma ya duka la dawa, karibu na barabara kuu. Upepo haujanyamaza tangu niteremke kwenye basi.

Niandike wazi nilichokuja kufanya, ili siku nitakayochoka nirudi kusoma ukurasa huu. Jani la mmea lina ngozi nyembamba ya nta inayolikinga lisikauke. Jani huanguka, huoza, hupotea, lakini nta yake hukawia; udongo wa mfinyanzi huweza kuitunza kwa maelfu ya miaka. Nta ya miti na nta ya nyasi hazifanani. Chembe zake ni kama minyororo, na kwa kawaida ya nyasi ina pete nyingi kidogo kuliko ya miti. Kwa hiyo mtu akichimba taratibu, akachukua udongo kila sentimita tano na kuupeleka maabara, anaweza kusema: hapa palikuwa na msitu, kisha mvua zikapungua, pakawa na nyasi. Mimi naamini bonde hili lilikuwa na msitu mzito. Naamini kupita kiasi. Dkt. Peniel, msimamizi wangu, ameniambia hivyo mara mbili, na mara ya pili hakucheka.

Ufadhili ni wa kiangazi hiki kimoja. Sampuli zinatakiwa chuoni kabla ya Novemba kwisha, na mvua za huku nazo huanza mwishoni mwa Novemba. Shimo moja la mita mbili, sampuli arobaini. Muda upo.

Oktoba 13

Mwenye shamba anaitwa mzee Ignas. Nilimwamkia, akanitazama viatu kabla ya kuitikia. Eneo nililolitaka liko ukingoni mwa mbuga, yaani bonde la udongo wa mfinyanzi, si katikati ambako nyufa za kiangazi huchanganya udongo wa juu na wa chini. Amekubali kwa sharti kwamba nikimaliza kuchimba, shimo lifukiwe kesho yake, maana ng'ombe hupita hapo kwenda kunywa.

"Ng'ombe akivunjika mguu humo," alisema, "utamla wewe mpaka mkia."

Alipouliza natafuta nini nilijibu kwamba ni utafiti wa udongo. Hakuuliza tena. Kuhusu mchimbaji, alisema hapa yupo mmoja tu, Magreth, na wengine wote ni wabeba sururu.

Oktoba 14

Magreth ni mwanamke. Nimejionea haya kwa jinsi nilivyoshtuka, mimi ambaye darasani tulikuwa wasichana wawili na nilichukia kila aliyeshtuka.

Ana miaka arobaini na sita, mfupi, mabega mapana, kitenge kimefungwa juu ya suruali. Huchimba visima na vyoo kuanzia hapa mpaka karibu na Manyoni. Kazi alifundishwa na baba yake, kwa sababu kaka zake wanne waliogopa kushuka shimoni. Ana sururu, mtalimbo, sepetu, na kifaa chake mwenyewe anachokiita wembe: bapa la chuma lenye mpini mfupi, lililofuliwa na mhunzi wa Manyoni kutoka kwenye springi ya lori. Kwa wembe huo hunyoa kuta za shimo.

Nilimpa masharti. Avae glavu. Asipake mafuta mikononi. Asile karibu na shimo. Mfuko wa plastiki usikaribie udongo. Alisikiliza yote, kisha akaniangalia mikono yangu, ambayo haijaona losheni wiki mbili.

"Kumbe elimu ndiyo inayopausha watu," alisema. "Umekuwa kama kenge, mwanangu."

Oktoba 15

Upepo. Vumbi kwenye chai. Sentimita ishirini.

Oktoba 18

Sentimita arobaini. Kila ninapotaka sampuli, kwanza naukwangua ukuta kwa kisu changu cha chuma kilichosafishwa kwa dawa ya maabara, ndipo nachukua udongo na kuufunga kwenye alumini. Kisu changu kinauchafua ukuta, kinapaka rangi ya tabaka moja juu ya jingine. Magreth hunitazama kama mpishi anayemtazama mgeni akikata kitunguu.

Oktoba 19

Mama amepiga simu. Mtoto wa mjomba Abdulhamidi anaolewa Desemba. Anauliza kama nitakwenda harusini na ngozi iliyopauka hivi.

Oktoba 22

Tumepita sentimita sitini na udongo umebadilika. Juu ulikuwa mkavu, unavunjika. Sasa ni wa kijivu, una unyevu, unanata kama ugali usioiva. Nilidhani kazi ingekwama. Badala yake Magreth ameongeza mwendo. Huanza alfajiri kabla sijafika, na nikifika naukuta ukuta umenyolewa.

Sijui niueleze vipi ukuta ule. Ni kama ukurasa. Mizizi iliyokatwa inaonekana duara kamili, mistari ya udongo haijachanganyika hata kidogo, na mahali ambapo mchwa alipita miaka mingi iliyopita panaonekana kama uzi. Nimesoma vitabu vyenye picha za mashimo yaliyochimbwa na maprofesa kwa vifaa vya bei mbaya, na sijaona ukuta kama huu. Nilisimama mbele yake na kisu changu mkononi nikaona aibu kuugusa. Nimeacha kukwangua. Nachukua sampuli moja kwa moja kutoka kwenye uso alioukata yeye.

Oktoba 25

Ana majina yake ya udongo. Huu umekunywa. Huu haujawahi kunywa. Huu umeshiba ukalala. Nimelinganisha na vipimo vyangu vya mchanga na mfinyanzi: hajakosea hata tabaka moja. Mimi nilihitaji miaka mitatu na mtihani wa marudio.

Oktoba 29

Sentimita mia moja na kumi. Joto. Wingu moja upande wa Manyoni, likaondoka.

Novemba 3

Kwenye sentimita mia moja na hamsini umejitokeza udongo mweusi, unene wa kama kiganja na nusu, una vipande vidogo vya mkaa. Nilikaa chini shimoni mchana kutwa. Kama msitu wangu ulikuwapo, umo humu. Magreth alining'inizia chupa ya maji kwa kamba, akauliza kama nimeamua kuhamia.

Nimemwandika sana katika daftari hili na sijamwambia hata neno moja la haya. Nikiwa naye nazungumza kuhusu sentimita.

Novemba 6

Mita mbili. Sampuli arobaini. Picha zimepigwa, ukuta umechorwa.

Novemba 7

Tumefukia kama tulivyoahidi. Mzee Ignas alikuja akalikanyaga shimo lote kwa miguu yake miwili, akasema sasa ng'ombe wake watalala usingizi.

Novemba 8

Naandika kwa utaratibu, kila kitu kwa zamu yake, kwa sababu nikiruka nitajidanganya.

Leo Magreth alinialika nyumbani kwake nile kabla sijaondoka. Ugali wa mtama, mlenda, kuku. Tulikula vizuri. Alinieleza jinsi kaka yake mkubwa alivyowahi kuteremshwa kisimani kwa kamba, akafumba macho, akatoka juu amefumba bado, akaanguka kwenye ndoo. Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Baada ya kula alichukua vifaa vyake avisafishe, maana kesho kutwa ana choo cha kuchimba. Aliupangusa wembe, kisha akatoa kwenye kikapu kibonge cha manjano na kuanza kuusugua nacho, pande zote mbili, polepole. Niliuliza ni nini, nikijua. Kilikuwa kinanukia asali.

"Nta ya nyuki," alisema. "Udongo wa chini ule haukuachii bila hii. Unaushika wembe kama mkwe anayedai mahari. Ukiupaka nta unateleza."

Niliuliza kama aliupaka na kwenye shimo letu. Akasema ndiyo, tangu siku udongo ulipoanza kunata, kila alfajiri, na tena saa nne ukikaza. Alisema kwa fahari kidogo. Kisha akaniona uso.

"Nimeua nini?" aliuliza.

Ndipo nilipomweleza. Kwa mara ya kwanza, baada ya wiki nne za kufanya kazi pamoja, nilimwambia Magreth tulikuwa tunatafuta nini. Nilimweleza jani na ngozi yake, udongo unavyoitunza nta, nta ya nyasi na nta ya miti. Hakunikatiza. Aliuliza maswali mawili, yote mawili sahihi: kama nta ya nyuki na nta ya majani ni ndugu, na kama mashine inaweza kuzitofautisha. Nikasema ni ndugu wa karibu sana. Nikasema kwa kipimo nilichoombea ufadhili, minyororo tu, itakuwa vigumu. Alikiweka kile kibonge chini kana kwamba kina moto.

Kisha nikamwambia uongo. Nilisema asijali, ni kidogo tu, haitadhuru.

Novemba 9

Sijalala. Sampuli kumi na mbili za juu ni safi, nilizikwangua mwenyewe kabla ya nta. Ishirini na nane za chini zimeguswa na wembe.

Hili silo baya zaidi. Baya zaidi ni kwamba nta ya nyuki ina minyororo inayofanana na ya miti. Zikipimwa hivi zilivyo, majibu yatasema: chini, msitu. Yatasema hasa nilichotaka kusikia. Dkt. Peniel atanipongeza. Hakuna atakayejua, isipokuwa mchimba visima wa Ihanja ambaye hatasoma tasnifu yangu kamwe. Nimeiandika sentensi hiyo nikaiangalia. Ni mimi niliyeiandika.

Na kosa si lake. Hata kama wembe ungekuwa na mafuta ya lori, ukuta ulipaswa kukwanguliwa. Niliacha kwa sababu ulikuwa mzuri.

Saa moja asubuhi mlango uligongwa. Magreth alisimama nje na sururu begani, mtalimbo mkononi. Sikumwamkia hata, akanikumbusha kwa jicho, nikasema shikamoo. Akaitikia, akasema ameshazungumza na mzee Ignas, tunachimba tena, hatua tatu kando ya lile la kwanza. Nikarudia yale ya jana kwamba ni kidogo.

"Kama ni kidogo," alisema, "mbona ulinikataza mafuta ya mkononi?"

Nilikwenda kuvaa viatu.

Novemba 10

Jana nilimtajia tu, njiani, kwamba maabara vyombo vya kioo huchomwa kwa joto kali mpaka mafuta yote yaishe. Leo nimefika nikaukuta wembe wake katikati ya mkaa wa mkwaju, mwekundu. Ameuchoma tangu jana jioni. Chuma cha springi kikichomwa hivyo hulegea, makali yake hufa. Hilo analijua kuliko mimi. Nilimuuliza kwa nini hakuningoja, ningesafisha kwa dawa. Alisema nta imeingia kwenye mikwaruzo ya miaka kumi na moja, na dawa yangu ipo kwenye kichupa cha saizi ya dawa ya kikohozi.

Sururu na sepetu pia amezichoma. Mipini ameikata mipya.

Novemba 11

Bila nta udongo wa chini haukatwi, unang'olewa. Kila pigo moja lazima asimame aupanguse wembe kwa kijiti, apige tena, apanguse. Bapa limeshapinda ncha. Sentimita sabini; sitini za juu tumezipita bila sampuli, kwa kuwa zile kumi na mbili za kwanza ni safi. Nimerudi kukwangua ukuta, na kisu hukiosha kila mara. Ukuta ni mbaya, umejaa makovu. Sijawahi kuupenda ukuta kama huu.

Novemba 13

Sentimita tisini na tano. Mawingu. Mzee Ignas alipita akauliza kama lile la kwanza lilikuwa la mazoezi. Magreth alimjibu kwa Kinyaturu, haraka. Niliambulia nusu, kwa Kinyaturu cha bibi yangu mzaa mama, na nusu hiyo ilimtosha mzee aondoke. Baadaye alirudi na mtungi wa maji.

Sasa Magreth anauliza kila kitu. Nta ya mti wa mninga na ya mkwaju ni sawa? Je, moto ukipita? Je, panya akibeba majani shimoni mwake, hutadanganyika? Swali la panya sijawahi kuulizwa na mtu yeyote, na limenichukua jioni nzima. Kesho nitatafuta matundu ya panya kwenye ukuta.

Novemba 14

Yapo mawili. Aliyaona yeye. Nimeyakwepa.

Novemba 15

Sentimita mia moja na ishirini na tano. Upepo umekoma ghafla na joto limetulia juu yetu kama sufuria. Siipendi hali hii.

Novemba 16

Imenyesha. Kabla ya wakati wake, saa tisa alasiri, siku zote za kalenda zikiwa upande wangu.

Tulikuwa sentimita mia moja na arobaini na tano. Nilikuwa nimeshafunga sampuli ya kumi na saba. Tone la kwanza lilidondoka kwenye alumini likatoa sauti kubwa mno. Magreth alitazama juu, akaniambia nipandishe sanduku, nami nikasema bado sentimita tano tuufikie mweusi, tano tu. Alipiga. Udongo ukaganda kwenye wembe, akapangusa, akapiga. Sijawahi kumwona mtu akifanya kazi namna ile, bila pupa na bila kupoteza hata pigo moja, mvua ikimwagika mgongoni. Kisha maji ya shamba zima yakapata njia. Yaliingia upande wa juu, ya kahawia, yamebeba mavi ya ng'ombe na mabua, yakashuka kwenye ukuta wangu wote.

Aliuchukua mtalimbo akausimika katikati ya tope kwa nguvu zote, akauzungusha, akauchomoa. Nchani kulikuwa na udongo mweusi wenye vipande vya mkaa.

"Upo," alisema. "Haujaenda popote."

Hauwezi kupimwa, umechanganyika na maji ya juu. Alijua. Aliniinulia nione tu. Kisha akaniinua mimi, kwa kwapa, kama mtoto, maana ngazi ilikuwa imeshateleza.

Jioni, kwenye mvua, tulikata miiba tukalizungushia shimo kwa ajili ya ng'ombe wa mzee Ignas.

Novemba 18

Bado inanyesha. Wenye mashamba wanafurahi na mimi nafanya bidii kufurahi.

Nina sampuli safi ishirini na tisa. Kumi na moja za chini kabisa, zenye tabaka jeusi, ninazo za shimo la kwanza tu, zile zenye nta. Ziko sandukuni, zimefungwa vizuri, zina lebo nzuri. Zikiunganishwa, arobaini zinatimia.

Nimelijaribu wazo hilo kama mtu anayejaribu kiatu dukani. Linatosha. Halibani popote. Kinachonizuia si woga wa kukamatwa. Ni kwamba nikiandika "msitu" kwa nta ya nyuki, basi ule mkono uliopiga na kupangusa, kupiga na kupangusa, siku sita, ulikuwa unacheza.

Novemba 19

Nimempigia Dkt. Peniel kutoka juu ya jiwe lililo nyuma ya shule, ambako mtandao unashika. Nimemwambia yote: wembe, nta, kukwangua nilikokuacha, mvua. Sikumtaja Magreth kama sababu, nilimtaja kama mtu aliyenirudisha shimoni.

"Sampuli ishirini na tisa zinatosha shahada," alisema. "Hazitoshi msitu wako."

Nikasema najua. Akasema niiandike njia ya kuchimba kama ilivyokuwa, na hizo zenye nta zije zimetengwa na zina maandishi mekundu, wanafunzi wengine wajifunze kwazo. Mwisho akauliza jina kamili la mchimbaji na kama huwa na nafasi kiangazi kijacho. Ana mpango wa mashimo matatu, moja likiwa upande wa Itigi. Pesa hazijapatikana, hakuna ahadi, anauliza tu.

Kwa hiyo nitaandika habari za miaka ya karibu, nyasi na mashamba, sura moja badala ya tatu. Nimelia kidogo pale juu ya jiwe. Kisha nikashuka.

Novemba 21

Magreth amekwenda Manyoni kwa mhunzi. Anaona anaweza kuupa wembe makali tena kama chuma hakijachoka sana. Amenikataza kumfuata.

Novemba 22, Singida Mjini

Nimekata tiketi ya basi la kesho asubuhi, nitasafiri na sanduku la sampuli. Mama amenipaka mafuta mikono yote miwili bila kuniuliza, kama mtu anayepaka mlango rangi.

Jioni, kabla sijafika nyumbani, Magreth alipiga simu nikiwa bado kituoni nakata tiketi, sanduku mkononi. Wembe umepona nusu. Nilimweleza swali la Dkt. Peniel, na kwamba si ahadi. Nilisikia nyundo ya mhunzi nyuma yake.

"Mwambie Juni, udongo wa juu ukishakauka," alisema. "Lakini mara hii unieleze kwanza kila kitu, na mahali tukachague wote wawili. Pale ulipochagua wewe ndipo maji ya shamba lote hupita, hata mbuzi wanajua."

Nikasema nimekubali, na kwamba shimo la pili kati ya hayo matatu huenda likawa kwenye vichaka vya upande wa Itigi, ambako udongo ni mwekundu, na kwamba hapo swali ni jingine kabisa. Akauliza swali gani. Mabasi yalikuwa yananguruma pande zote. Nililiweka sanduku chini, nikakaa juu yake, nikaanza kumweleza.